Kitita cha Mwali

Namasakata, Tunduru
6 Juni 2022

Mwanangu Nasrin,

Asalaam alaykum. Natumaini barua hii inakukuta mzima wewe, mumeo Saleh na wanao. Sisi huku hatujambo, ila goti langu la kushoto limeanza tena ukorofi wake wa kipupwe.

Najua unacheka. Dunia nzima inapiga simu na Mama mkubwa wako bado anaandika barua. Simu ya nyumba hii anaishika mdogo wako Subira, na mimi nikiongea nayo wananisikia mpaka msikitini. Halafu kusoma nilijifunza ukubwani, darasa la watu wazima, mtoto mgongoni. Siwezi kuiacha elimu yangu ioze kwa sababu ya vocha.

Subira amechumbiwa. Kijana anaitwa Swalehe, mwenye mikorosho ng'ambo ya mto. Ana adabu, ila anacheka ovyo. Harusi tumeiweka mwakani, korosho zikishauzwa, mwezi wa Desemba.

Sasa lililonikalisha kitako. Nimechimba muhogo wetu wa Mwali. Juu majani yanapendeza, lakini muhogo wenyewe ukiukata ndani una madoa ya kahawia, mkavu kama kizibo. Nimechimba shina la pili, la tatu, ni yale yale. Bwana shamba wetu mpya, Brayson, mtoto wa Kichaga, amekuja akatazama akasema hiyo ni michirizi kahawia, shamba zima ling'olewe lichomwe moto, nitaletewa mbegu nyingine. Nikamwambia, baba, shamba hili linagawa mbegu. Halijawahi kuomba.

Unaijua desturi yetu. Binti wa nyumba hii akianza shamba lake anatoka na kitita cha pingili za Mwali, kimefungwa kwa kipande cha kanga ya mama yake. Hasemi asante, maana mbegu ikishukuriwa haioti. Analeta muhogo wake wa kwanza kwa aliyempa, hiyo ndiyo asante yake. Bibi yako alipewa hivyo, mimi hivyo, marehemu mama yako hivyo. Majirani wote wenye Mwali waliutoa kwangu, na wao sasa umewaozea. Subira atakuwa binti wa kwanza wa nyumba hii kutoka mikono mitupu.

Wewe si unafanya kazi na miche huko Songea? Niambie kitu.

Mama yako mkubwa,
Tabu


Mjimwema, Songea
21 Juni 2022

Mama mkubwa, shikamoo.

Barua nimeipata kwa Mussa kondakta, na soda ameshakunywa kwa kazi hiyo. Sisi wazima. Baridi ya Songea mwezi huu haina mchezo, watoto wanalala na masweta. Mpe Subira hongera zangu, na huyo Swalehe mwache acheke, bora anayecheka.

Umeandika kwamba Subira atakuwa wa kwanza kutoka mikono mitupu. Atakuwa wa pili, Mama mkubwa. Zamu yangu ilipofika ulisema, “Huyu anakwenda kukaa mjini, atapanda wapi, kwenye saruji?” Lakini tuyaache hayo.

La muhogo. Brayson amesema kweli. Hiyo michirizi kahawia inaletwa na virusi, na virusi vikishaingia vinakaa mti mzima, shina, jani na mzizi. Ukikata pingili ukampa mtu, umempa na ugonjwa. Wale inzi weupe wadogo chini ya majani nao wanauhamisha kutoka shina hadi shina. Hakuna dawa ya kupuliza.

Ila kuna mahali pamoja ambapo virusi mara nyingi vinakuwa havijafika. Juu kabisa ya chipukizi, pale mti unapoongezekea, pana kitu tunakiita ncha ya ukuaji. Ni ndogo kuliko punje ya chumvi. Tunaikata kwa hadubini, tunaiotesha ndani ya chupa, nayo inaweza kuwa muhogo mzima, Mwali yule yule. Mimea ina siri hiyo: kipande kidogo kilicho hai, kikipewa chakula sawasawa, kinakumbuka jinsi ya kuwa mti. Kazi hii inaitwa ukuzaji wa tishu. Ndiyo kazi yangu, ile uliyowaambia watu wa Namasakata kwamba naosha chupa Songea.

Nitumie pingili za mashina yanayoonekana mazuri kuliko mengine. Halafu choma yaliyobaki. Yote, Mama mkubwa, usibakize hata moja. Mwali msafi akirudi akakuta mgonjwa jirani, inzi watamaliza kazi yangu yote.

Mwanao,
Nasrin


Namasakata
3 Agosti 2022

Mwanangu Nasrin,

Asalaam alaykum. Goti limetulia. Mambo mengine uliyoandika nimeyasoma.

Pingili hizo anakuletea Mussa, nimezifunga kwenye gunia. Nimezilaza kwanza kivulini zitulie, kama tunavyofanya siku zote, kwa hiyo usishangae zikionekana zimechoka, ni usingizi tu. Nimechagua mwenyewe. Brayson alitaka kunisaidia kuchagua, nikamwambia akachague ng'ombe kwao.

Barua yako nimewasomea wanawake wenzangu barazani. Niliposema mti mzima unatoka kwenye kitu kidogo kuliko punje ya chumvi, wamecheka mpaka wakashika mbavu. Mwalimu Notburga wa shule ya msingi ndiye peke yake aliyesema inawezekana, lakini yule naye anasema kila kitu kinawezekana. Mimi nimelima tangu sijaota meno ya ukubwani, sijaona shamba lisilo na udongo. Huko chupani anakula nini? Anapumua wapi? Nijibu vizuri, maana nitaulizwa tena.

La kuchoma nimechoma. Moshi umeonekana mpaka barabarani. Brayson alikuwepo, akatikisa kichwa akaondoka ameridhika. Majirani nao wamechoma ya kwao.

Kwa hiyo ulicho nacho ndicho Mwali wa mwisho. Usiharibu.

Tabu


Mjimwema
17 Oktoba 2022

Mama mkubwa, shikamoo.

Natumaini goti halijarudi. Huku watoto wanaendelea na mitihani, na Saleh anasahihisha mpaka ya wasio wanafunzi wake. Pingili zimeamka. Tulizipanda kwenye vyungu ndani ya nyumba ya wavu, inzi hawaingii, zikatoa chipukizi.

Sasa kawajibu wanawake wa barazani.

Kwanza tumeviweka vyungu kwenye chumba cha joto, joto la kumchosha kirusi bila kuua mti. Mti ukiwa unakimbilia juu, virusi vinabaki nyuma. Hapo ndipo tunapokata. Chipukizi tunaliosha kwa spiriti na maji ya klorini, tunaingia nalo kwenye kabati linalopuliza hewa iliyochujwa, kisu kinapita motoni kila mara, na mimi nimefunga mdomo na nywele. Hata kuongea haturuhusiwi. Mwenzangu Theodosia, ambaye kwa kawaida hanyamazi, akikaa mbele ya kabati lile utadhani yuko kanisani.

Unauliza anakula nini. Anakula maji, sukari, madini yale yale yaliyomo kwenye mbolea, na vitamini, vyote vimegandishwa kwa unga unaotokana na mwani wa baharini, vinakuwa laini kama uji uliopoa. Tunavipika kwa mvuke kwenye mtungi mkubwa wa kubana ili asibaki mdudu wala kuvu. Udongo una wadudu wengi mno kwa mche mchanga namna hiyo. Juu ya hapo tunatia homoni, chembe tu. Moja inamwambia achipue, nyingine inamwambia atoe mizizi. Ukikosea kipimo anafanya bonge, halina jani wala mzizi, linavimba tu. Mfuniko hauzibi kabisa, hewa inapita, na taa ndiyo jua lake.

Akishakua kidogo tunamkata kila jicho na jani lake, kila jicho linapata chupa yake. Yale nayo yakikua tunakata tena. Wote ni mapacha, hakuna mtoto wa baba mwingine humo. Shina moja likishakuwa safi linaweza kujaza kijiji.

Nikwambie kweli, Mama mkubwa, juzi niliikata ncha ya kwanza ya Mwali kwa mkato mmoja tu. Nilijisifu mwenyewe, maana hapakuwa na wa kunisifu.

Nasrin


Mjimwema
22 Januari 2023

Mama mkubwa, shikamoo.

Heri ya mwaka mpya. Mvua huku zimekuwa nyingi, barabara ya kwetu imekuwa matope matupu. Watoto wazima, Saleh anakusalimu. Kazi zinaendelea. Nina haraka leo, Mussa anaondoka. Msalimie Subira.

Nasrin


Namasakata
9 Aprili 2023

Mwanangu Nasrin,

Asalaam alaykum, na Ramadhani karimu. Barua yako ya mwezi wa kwanza nimeisoma mara nyingi, maana ni fupi. Umeandika mvua, umeandika matope. Chupa hukuzitaja hata moja. Sikuuliza, na hata sasa siulizi. Mtu mzima akinyamaza ana lake.

Huku funga inakwenda vizuri. Swalehe ameleta kanzu mpya kwa ajili ya Idi na mfuko wa sukari, anajua kujipendekeza. Subira anashona mashuka. Jana mama yake Swalehe alikuja kufuturu kwetu na shoga zake, nikawapikia muhogo wa nazi. Walikula mpaka wakasahau tarawehe. Yule mama akasema, muhogo mtamu namna hii hajala tangu alipokuwa msichana. Nilisikia raha, sikufichi. Hii ndiyo nyumba yetu, mtu haondoki na njaa.

Ameniuliza mbele ya watu kama Subira atakuja na kitita. Nikamwambia ndiyo. Sasa unajua nilichosema, na kimesemwa mbele ya nani.

Tabu


Mjimwema
26 Aprili 2023

Mama mkubwa, shikamoo. Idi Mubarak.

Nianze na langu. Mwezi wa kwanza chupa za Mwali ziliota kuvu. Niliingia asubuhi nikakuta zimevaa pamba nyeupe, zote isipokuwa zile za pembeni ya rafu. Kabati la hewa lilikuwa na chujio lililochoka na hatukujua. Nilikaa sakafuni nikalia, Theodosia akanipa kanga yake nifutie uso. Sikukuandikia kwa sababu nilikuwa nimejisifu kwako, na nilijua utasema wanawake wa barazani walicheka kwa haki. Zile zilizonusurika nimezikatakata tena, nazo zinakua. Mwali hajafa.

Sasa la kwako. Umewapikia wageni muhogo wa nazi. Muhogo gani?

Usiniambie ni wa kununua. Tangu lini wewe umenunua muhogo? Mwaka ule wa njaa ulikula mapera ukakataa kutuma mtu gengeni, ulisema Tabu akionekana na kikapu cha muhogo wa mtu, bora azikwe. Na muhogo wa kuwasahaulisha watu tarawehe, Namasakata nzima, ni mmoja tu.

Umebakiza. Sijui ni nyuma ya jiko au nyuma ya choo, lakini umebakiza, na umewachimbia wageni vile vipande visivyokuwa na madoa.

Naelewa kwa nini. Uliona barua yangu fupi, ukasema mtoto ameshindwa. Au labda ulibakiza tangu siku ile ya moshi, kabla sijashindwa chochote. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Mara moja uliniona sina pa kupanda, mara ya pili umeniona siwezi kuotesha.

Sitaleta mche hata mmoja mpaka uchome. Naapa, Mama mkubwa. Nikiuleta, inzi watavuka kutoka kwenye mstari wako wa mihogo, na Subira atampelekea mama mkwe kitita cha ugonjwa. Majirani walichoma ya kwao kwa kukuamini wewe.

Nasrin


Mjimwema
2 Julai 2023

Mama mkubwa, shikamoo.

Hujanijibu. Mussa anasema anakuona, na kwamba u mzima, na kwamba ukiliona basi lake unageukia upande mwingine.

Majibu ya vipimo yametoka. Mwali ni safi. Hakuna michirizi kahawia wala batobato ya kukunja majani. Rafu nzima ni ya kijani, na wageni wakija bosi wetu anawapeleka pale kwanza. Naenda kuzitazama hata siku ambazo sina kazi nazo.

Zinataka kutoka chupani. Nasubiri neno lako.

Nasrin


Namasakata
30 Julai 2023

Mwanangu Nasrin,

Asalaam alaykum. Sisi hatujambo.

Ulikuwa nyuma ya jiko. Ulikisia vizuri, mtoto wa mama yako.

Nilikaa na hasira muda mrefu. Nilisema, huyu nimembeba mgongoni, leo ananiapia. Nikaipeleka barua yako kwa Mwalimu Notburga ili aniambie kwamba huna adabu. Akaisoma, akavua miwani, akasema, “Mama Subira, huyu binti anafanana na wewe.” Nikaondoka bila kuaga.

Ijumaa iliyopita baada ya swala niliwaita majirani waje nyuma ya jiko. Walipouona ule mstari waligeuka mmoja mmoja wakanitazama, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kutukanwa. Wengine walikuwa wamekula makopa, muhogo mkavu wa kununua, mwaka mzima, kwa sababu waliniona nikichoma shamba la kando ya barabara nao wakachoma ya kwao. Niling'oa mwenyewe, shina kwa shina. Subira alitaka kunipokea jembe nikamkatalia. Lile shina la mwisho lilitoka kwenye kitita cha mama yangu, lilikuwa likizaliwa na kukatwa na kupandwa tena tangu siku aliyonifungia kwenye kanga yake. Nililitia moto nikasimama mpaka likawa majivu. Nililia, na sioni aibu kukuandikia.

Sasa Namasakata haina Mwali. Uko Songea, kwenye chupa zako. Sijawahi kumtegemea mtu namna hii tangu nizaliwe.

Lete.

Tabu


Mjimwema
8 Oktoba 2023

Mama mkubwa, shikamoo.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama kituoni, nikashindwa kuondoka pale. Theodosia naye nimemsomea.

Miche inakuja na Mussa, nimemwahidi soda za mwezi mzima asiiweke kwenye buti. Mimi siwezi kuja, hata harusini. Nina ujauzito, na daktari hataki nisafiri barabara ndefu. Nilikuwa nangoja nikwambie vizuri, ndiyo nakwambia hivi.

Nisikilize sana hapa. Unaujua muhogo kama kitu kigumu, unachomeka kijiti ardhini unakwenda zako. Hawa sivyo. Wamezaliwa chupani, hawajui upepo, hawajui jua, majani yao hayajajifunza kushika maji. Nimewatoa chupani, nimewaosha mizizi, nimewapanda kwenye vikopo vya udongo uliochemshwa, na hapa wameshaanza kuzoea. Huko waendelee. Wafunike na nailoni nyeupe, uwaweke kivulini, na kila siku ufungue kidogo zaidi ya jana. Mkono unaowagusa uwe umeoshwa. Wakishasimama bila kunyauka mchana kutwa bila kifuniko, ndipo wapande ardhini, mvua zikiwa zimeanza.

Utaona ni wadogo. Usicheke.

Nasrin


Namasakata
4 Januari 2024

Mwanangu Nasrin,

Asalaam alaykum. Tumesikia umejifungua binti. Alhamdulillah. Mwogeshe kwa maji ya vuguvugu na usimsikilize mtu.

Niliwaona ni wadogo, na sikucheka. Nilihamia nao. Nililala chumba kile kile na vikopo vyako, Subira akasema mama amepata watoto wachanga uzeeni. Brayson alikuja kuvitazama nikamrudisha akanawe, akarudi nikamwambia na kucha. Wanawake wa barazani walipanga mstari kuchungulia chini ya nailoni. Yule aliyecheka zaidi mwaka juzi aliuliza, kwa sauti ndogo, kama atapata na yeye. Nikamwambia atapata, akiacha kucheka. Wachache walinyauka. Waliobaki, wengine nimewapanda kando ya barabara, pale pale pa zamani, mvua ya kwanza ilipotulia.

Sasa harusi. Desturi ni kitita, na mimi sikuwa na mashina ya kukata. Nikachukua ungo mpya, nikavipanga vikopo juu yake, nikafunga kwa kipande cha kanga yangu ile ya zambarau. Subira akautwaa ungo kichwani, akatembea nao mpaka ng'ambo ya mto na ngoma nyuma yake. Mama yake Swalehe alikuwa mlangoni. Akachungulia, akasema, “Haya ni mawaridi au ni muhogo?” Watu wakacheka.

Nikasimama mbele yao wote. Nikasema: “Huyu ni Mwali. Ameugua, tumemchoma moto mimi na ninyi, na amerudi msafi kuliko alivyoondoka. Amerudishwa na mwanangu Nasrin, mtoto wa mdogo wangu, aliyetoa mti mzima kwenye kitu kidogo kuliko punje ya chumvi. Nilisema anaosha chupa. Niliyasema bila kujua. Ninyi mnaomkumbuka akikimbia hapa bila viatu, mjue huyo ndiye sasa mama wa mbegu yetu.” Nikasema yote hayo bila kukohoa. Mama yake Swalehe akaupokea ungo kwa mikono miwili, hakushukuru. Anaijua desturi.

Nilitamani uwe umesikia, ndiyo maana nimekuandikia neno kwa neno.

Tabu


Namasakata
18 Novemba 2024

Mwanangu Nasrin,

Asalaam alaykum. Subira hajambo, naye tumbo limeanza kuonekana. Swalehe bado anacheka.

Tumechimba. Nyama yake nyeupe kabisa, kipande hadi kipande. Nimewaita majirani wale wote wa siku ile ya moshi, tumekula tumeketi nyuma ya jiko, na kila mmoja ameondoka na pingili zake. Wa kwanza kuchimbwa nimekuwekea kwenye mfuko huo. Aliyenipa mbegu safari hii ni wewe, kwa hiyo unakuja kwako.

Kitita nacho ni chako. Si cha mtoto, cha mtoto kitakuja wakati wake. Nimekifunga kwa kanga ya marehemu mama yako, nilikuwa nimeitunza sandukuni tangu msiba. Kilipaswa kutoka nyumbani siku ile ulipotoka wewe.

Umenielewa.

Tabu


Mjimwema
1 Desemba 2024

Mama mkubwa, shikamoo.

Sisi wazima. Mtoto ameanza kushika ukuta. Muhogo tumeuchemsha tukaula bila hata chumvi, Theodosia ameupeleka mdomoni akafumba macho kama anasali.

Kitita nimekipokea. Nimekaa nacho mapajani jioni nzima, kanga ile bado nilikuwa naikumbuka rangi. Wenzangu waliniuliza kwa nini nisikipeleke maabara, kuna bustani nzuri pale, ina maji na wavu. Nikawaambia hiki hakiendi kazini.

Neno unalolijua silisemi, maana nataka ziote.

Uani kwetu ni saruji tupu, kama ulivyosema siku ile. Jumamosi Saleh alikodi nyundo kubwa, akavua shati, akaanza kuvunja. Majirani wakatoka kuuliza kama bomba limepasuka. Mwenye nyumba naye akaja mbio, nikamweleza, akasimama kidogo, kisha akaomba nimbakizie pingili mbili. Kufikia alasiri udongo ulikuwa wazi, mwekundu, na usiku mvua ikanyesha.

Nimezipanda mwenyewe, Mama mkubwa. Mwakani andaa sufuria, nakuja na muhogo wangu wa kwanza.

Mwanao,
Nasrin